Kioo Kisicho na Masikio

Siku mama alipoondoka, kifurushi kilifika asubuhi, kabla binti yake hajaenda shule. Kijana wa pikipiki alibisha kwenye mlango wa chumba cha mbele, akakabidhi boksi bapa lililozungushwa utepe wa kahawia, akaenda zake. Mama alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango. Alivaa sweta ingawa hapakuwa na baridi.

"Kiweke rafuni," alisema. "Tutakisoma ukirudi."

"Ni kioo cha kompyuta ya mkunga?"

"Ndicho. Nenda, Bi Nailoni, utachelewa kengele."

Binti alikwenda. Aliporudi alikuta kufuli mlangoni na jirani akimngoja na funguo mkononi. Baba alikuwa ametoka kwenye tanuri la mikate akamkuta mama ameketi sakafuni, mgongo umeegemea meza ya kazi, wakaenda hospitali. Mama hakurudi. Walikuja watu wengi. Viti vya kuazima vilipangwa uani, kisha vikarudishwa kwa wenyewe. Boksi bapa lilibaki rafuni na utepe wake.

Mama alikuwa fundi wa kompyuta. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndefu, taa yenye shingo ya kupinda, na trei kuukuu za mayai ambazo hazikutiwa yai hata siku moja. Kila skrubu iliyotolewa kwenye kompyuta ililazwa kwenye shimo lake, kwa mpangilio wa kutoka. "Skrubu ni kama wanafunzi," mama alikuwa akisema. "Ukizichanganya madarasa, kila moja itaapa kwamba kwake ni hapa."

Vioo vilikuwa na desturi yake. Kioo kipya hakikufungwa na mtu mmoja. Mama alishika cha zamani, kile kilichovunjika, na binti akashika kipya, kikiwa bado kimevaa nailoni ya kiwandani. Waliviangalia mgongoni, penye karatasi ndogo yenye herufi na namba. Mama alisoma kutoka cha zamani, binti akaitikia kutoka kipya. "B." "B." "Moja." "Moja." Waliendelea hivyo mpaka mwisho, mmoja akitupa na mwingine akidaka. Herufi moja ikikataa, kioo kilirudi dukani bila maneno mengi, maana dukani hawakupokea kioo kilichokwisha kubanduliwa nailoni. Vikilingana, mama alichomoa betri kwanza, akafunga kioo, akarudisha skrubu, akarudisha betri, akawasha. Hapo ndipo ilipofika zamu ya binti. Alishika pembe ya nailoni kwa kucha, akaivuta taratibu, nayo ikaachia kwa mlio mrefu mwembamba, na kioo kikabaki kinang'aa. Kazi hiyo ilikuwa yake peke yake tangu alipokuwa mdogo wa kupandishwa kwenye kigoda. Ndiyo sababu mama alimwita Bi Nailoni.

Baada ya viti kurudishwa, hakulia sana. Watu walimsifu kwamba ana moyo wa kikubwa. Hakuwa na moyo wa kikubwa. Alikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake, akaamka na kuukuta upo, lakini si wake. Shuleni aliandika kilichoandikwa ubaoni. Mwenzake wa dawati, msichana aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzima, alimsimulia habari za darasa zima, naye aliitikia palipohitaji kuitikiwa.

Nyumbani baba alirudi na mkate wa moto, akauweka mezani, akaketi bila kuvua viatu vyenye unga. "Umekula?" alimuuliza. "Nimekula." Mara nyingine wote wawili walikuwa hawajala.

Kisha mkunga akaja. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, na nusu ya watoto wa mtaa ule walipita mikononi mwake kabla ya kupita kwa mtu mwingine yeyote. Binti mwenyewe alikuwa mmoja wao. Mkunga alikaa kwanza, akasema pole. Ndipo akaeleza kwamba hakuja kudai. Ila ana wakunga wanafunzi wanaoanza mafunzo, na picha zote za kuwafundishia zimo kwenye kompyuta ile. Kama baba ataona sawa, ataichukua hivyo hivyo ilivyo, atafute fundi mwingine.

Baba aliitazama meza. Kompyuta ya mkunga ilikuwa pale pale ilipoachwa, imefunikwa kitambaa, kioo kilichovunjika kimesimamishwa ukutani, skrubu kwenye trei. "Ichukue tu, dada," alisema. "Mwenyewe hayupo."

"Kioo chake kimeshafika," binti alisema. Wote wawili waligeuka, maana hakuwa amesema sentensi nzima kwa siku nyingi. "Kimebaki kufungwa tu. Jumamosi itakuwa tayari."

Mkunga alimtazama baba, baba akamtazama mkunga. Baba akasema basi atamwomba Babu Skrubu apite aifunge. Mkunga akakubali, akampapasa binti kichwani, akaondoka.

Babu Skrubu alikuwa mwenye duka la vipuri, rafiki wa kazi wa mama tangu zamani. Jina hilo alipewa na mkewe, aliyelalamika kwamba kila akifua suruali za mumewe, beseni linalia kama kengele. Binti alimjua na kumpenda. Lakini hakutaka aje. Mama alikuwa na neno lake: kazi haitoki humu nusu. Hii ilikuwa kazi yake ya mwisho. Binti aliona kwamba ikimaliziwa na mtu wa nje, au ikitolewa nje bila kumaliziwa, basi hata chumba kile kitakuwa kimekufa.

Jumamosi mchana baba alikuwa amelala. Waokaji huamka watu wengine wakiwa usingizini, na hulala watu wengine wakiwa macho. Binti aliingia chumba cha mbele, akaondoa kitambaa, akainamisha taa, akashusha boksi rafuni, akakata utepe.

Kioo kilikuwa cheusi, safi, kimevaa nailoni yake. Alikishika kwa ncha za vidole kama alivyofundishwa. Halafu akasita. Kazi ya kwanza ilikuwa kusoma namba, na kusoma namba kulitaka watu wawili. Kioo cha zamani kiliegemea ukuta. Alifikiri kukishika kwa mkono mwingine, asome mwenyewe, ajiitikie mwenyewe. Hakuweza. Haikuwa huzuni, angalau yeye hakuiita hivyo. Mdomo tu haukufunguka.

Mikono ikatafuta kitu ilichokijua. Kucha ikaenda kwenye pembe, nailoni ikaachia kwa mlio wake mrefu mwembamba, na kwa muda mfupi alijisikia karibu na kawaida. Aliikunja akaiweka pembeni. Ndipo alipokigeuza kioo ili akilaze kwenye mfuniko, akaona hakina masikio.

Kioo cha zamani kilikuwa na masikio, vibati vidogo vya chuma vilivyochomoza huku na huku, vyenye matundu ya skrubu. Masikio hayo ndiyo yaliyokaa juu ya vigingi vya plastiki ndani ya mfuniko na kushikwa hapo. Kipya kilikuwa na ukubwa ule ule na plagi ile ile, lakini kando zake zilikuwa tupu. Dukani walikosea kuchagua. Jambo hilo lilitokea mara kwa mara, na kwa ajili yake watu walisoma namba. Lingekuwa jambo la kukirudisha kioo kwenye boksi na kumwita kijana wa pikipiki. Lakini nailoni ilikuwa pembeni, imekunjwa.

Alijaribu kukiweka. Vigingi vilikizuia, kikawa kinacheza kama meza yenye mguu mfupi. Akachukua koleo. Kigingi cha kwanza kilikatika kwa mlio mkavu. Alipokata cha mwisho, kioo kililala. Akabandika utepe wa gundi nyuma yake kukishikilia, mwingi, kuliko mama angetumia mwaka mzima. Kisha akachukua plagi ya waya mwembamba, akaisukuma kwenye soketi. Iliingia upande. Akasikia tik, ndogo, kama mtu aliyebonyeza kalamu.

Alibaki ameishika. Betri. Mama alichomoa betri kila mara kabla ya kugusa kitu, kwa hiyo binti alichukulia kwamba imechomolewa. Sasa akakumbuka. Mkunga alikuja siku moja akitaka kuhakikisha picha zake zi salama, na mama akairudisha betri ili amwonyeshe kwenye kioo kikubwa cha mezani. Ikabaki ndani.

Alinyoosha plagi, akawasha. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

Akachukua tochi, akaimulika upande, kioo kikiwa kimeinama, kama mama alivyofanya. Na picha ilikuwapo. Mbali sana, kama kitu kilicho chini ya maji: wanawake waliovaa sare, wamejipanga mbele ya ukuta, wanacheka. Akaondoa tochi, wakapotea. Akairudisha, wakarudi. Mama alikuwa na jina la ugonjwa huu. Picha ipo, taa hakuna. Maana yake fyuzi ya taa imeungua kwenye bodi, na fyuzi haikuungua yenyewe.

Alizima tochi. Akafunga mfuniko. Hakuhisi hofu. Hakuhisi kitu chochote, na hilo ndilo lililomrahisishia yaliyofuata.

Baba alimkuta bado amekaa pale. Aliifunua kompyuta, akabonyeza, akaona weusi. "Nani kaifunga hii?" aliuliza, kwa mshangao tu, bila ukali.

"Mama," alisema binti.

"Mama?"

"Asubuhi ile. Nilipokuwa naondoka alikuwa anaifunga. Nilidhani hakumaliza."

Neno lilitoka jepesi kama la mtu mwingine. Alidhani litaishia pale. Kosa la mama, nani angemkaripia? Baba alivuta kiti, akaketi. Alikaa muda mrefu akiutazama mfuniko.

"Alikuwa anaumwa vile, akakaa kufunga kioo," alisema mwishowe. "Na mimi nilikuwa nakanda unga."

Babu Skrubu alipokuja Jumapili, baba alimweleza. Mzee aliifungua kompyuta. Alipoona vigingi vilivyokatwa, mikono yake ilisimama. Aliugusa utepe wa gundi kwa kidole. Akaangalia nailoni iliyokunjwa, akaangalia namba mgongoni mwa kioo, akakubali kwamba duka lake lilikosea, kijana wake alichanganya rafu. Lakini fundi angeliona hilo hata akiwa amefumba macho, alisema, kama angekuwa yeye. Aliisema polepole. Kisha akatikisa kichwa, akasema ugonjwa humtoa mtu mwenyewe kabla ya roho kutoka. Masikini fundi, kichwa kilikuwa kimeshaondoka, mikono ikabaki peke yake.

Baba aliinamisha uso. Hakuna aliyemtazama binti. Na kwa nini wamtazame?

Babu Skrubu alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ndio ulioupa uongo miguu. Alikumbuka kwamba mama alikuwa amewafungia watu wengine kazi katika siku zile zile za mwisho. Kama mikono yake ilikuwa hivi, alisema, si vizuri wenyewe wasijue. Kompyuta iliyofungwa vibaya huweza hata kuwaka moto. Akawapigia simu mmoja mmoja, kwa adabu.

Habari zilimfikia binti darasani kupitia chombo chake cha kawaida. Redio alimnong'oneza wakati wa hesabu. Alisema mjomba wake, yule fundi cherehani, anapeleka kompyuta yake nyumbani kwa kina binti, Babu Skrubu aiangalie upya. Si kwa ubaya, wamesema tu kwamba mama yake hakuwa sawa alipoifunga. "Ati aliharibu ya mkunga kabisa. Aliikata kwa koleo." Redio alisita, akaona uso wa mwenzake. "Samahani. Mdomo wangu hauna betri ya kuchomoa."

Ulikuwa utani mzuri, na siku nyingine wangeucheka wote wawili. Binti aliendelea kuandika namba za ubaoni. Alipozitazama baadaye, hazikuwa hesabu. Alikuwa ameandika B, moja, B, moja, mstari mzima.

Jumamosi iliyofuata chumba cha mbele kilijaa kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Babu Skrubu alikuwa kwenye meza, bisibisi mkononi. Fundi cherehani alikuwapo na kompyuta yake kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Dereva mmoja wa lori na mke wake walikuwa kwenye benchi na kompyuta ya mtoto wao. Mkunga alikuja kuulizia yake, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Baba alisimama kwenye kona. Wote walizungumza kwa sauti za msibani.

"Mimi simlaumu marehemu," alikuwa akisema fundi cherehani. "Hata sindano, mtu akiwa na homa, haioni uzi. Tunaangalia tu kwa usalama."

"Kweli," alisema mke wa dereva. "Mungu amsamehe."

Binti alikuwa mlangoni na trei ya vikombe vya chai. Alilisikia neno lile, amsamehe. Babu Skrubu alikuwa ameifungua kompyuta ya fundi cherehani, akiikagua kwa tochi. Ndani yake kila waya ulilala palipopaswa, kila skrubu ilikuwa kwenye darasa lake. Mzee aliitazama muda mrefu, uso umejaa swali. Lakini hakuuliza. Alichukua bisibisi ili aifumue kazi ile safi, aihakikishe chini kabisa, na mkono wake ulipoigusa skrubu ya kwanza, binti alihisi kitu, kwa mara ya kwanza, mahali fulani chini ya mbavu, kama mkono uliolaliwa unapoanza kurudiwa na damu. Kilichoma.

"Usiifungue," alisema.

Bisibisi ikasimama.

"Mama hakukifunga kile kioo. Ni mimi."

Aliweka trei chini. Akasema yote, bila kupanga, akiwa amekitazama kigoda cha mkunga na si mkunga mwenyewe. Alisema kwamba hakusoma namba, kwamba alibandua nailoni kwanza, kwamba alikata vigingi, kwamba betri ilikuwa ndani. Kisha akamgeukia baba, kwa kuwa sehemu iliyobaki ilikuwa yake.

"Asubuhi ile hakufanya kazi, baba. Hakukigusa kabisa. Alisema kiweke rafuni, tutakisoma ukirudi."

Baba alifunika macho kwa kiganja, mabega yakashuka, kama mtu aliyetuliwa gunia la unga ambalo alikuwa amezoea kulibeba mpaka akadhani ni sehemu ya mwili wake.

Fundi cherehani ndiye aliyesogea kwanza. Alijongea mezani, akaichukua kompyuta yake kutoka mbele ya Babu Skrubu, akaifunga mwenyewe, akairudisha kwenye mfuko wa kitambaa. "Basi yangu ni nzima," alisema. Mke wa dereva naye akainuka, akamsukuma mumewe kwa kiwiko. Walikunywa chai kwa heshima, wakaondoka.

Babu Skrubu alisema moja tu. Alisema tangu aone ule utepe wa gundi, hakuwa amelala vizuri, maana aliona ni afadhali kufa kuliko kusahau kazi, na sasa ataenda kulala. Halafu akaanza kutafuta kitu kwenye mifuko ya suruali, mifuko ikalia, na binti akajikuta anakaribia kucheka na kulia kwa pamoja, na kilichoshinda kilikuwa kulia. Alilia mpaka mkunga akamvuta akamketisha karibu naye.

Mkunga hakumbembeleza kwa maneno. Alingoja, kama mtu ambaye kazi yake nzima ni kungoja. Alipoona kilio kimepungua, alisema, kwa ile sauti yake ya chini:

"Kuharibu kompyuta yangu ni kosa la kazi. Kila mwenye kazi analo, hata mimi, na ya kwangu ni mazito kuliko kioo. Kosa la kazi linarekebishwa kwa kazi. Lakini ulipolipeleka kwa mama yako, ulilipeleka mahali lisipoweza kurekebishwa. Aliye hai ukimsingizia atabisha, atakasirika, ataleta mashahidi. Aliyekufa hana mdomo. Ukimtwika mzigo hawezi kuutua, atakaa nao mpaka wewe umtue. Jina lake sasa linakaa midomoni mwetu sisi tuliobaki. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Umemtua leo. Ulichelewa, lakini umemtua. Sasa kompyuta yangu je?"

Babu Skrubu alijibu kwa niaba ya chumba kizima. Fyuzi ipo, ndogo kama chembe ya chumvi, ataibadilisha kwa chuma cha kulehemu. Mfuniko wenye vigingi vizima atautoa kwenye kompyuta moja iliyokufa dukani kwake. Kioo chenye masikio atakileta, na kile kisicho na masikio atakichukua yeye, hata bila nailoni, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa la duka lake. Ila hatafunga kioo. Kazi ya kufunga ina mwenyewe.

Siku alipokileta, fyuzi na mfuniko vikiwa tayari, aliketi kwenye benchi la wateja na kukunja mikono. Binti alichomoa betri, akaiweka mbali, akaigusa tena kuhakikisha iko mbali. Alilaza kioo kipya juu ya kitambaa, mgongo juu. Kioo cha zamani kiliegemea ukuta. Alikitazama. Mdomo ukakataa tena, kama mwanzo.

Baba alikuwa mlangoni, ametoka kwenye tanuri, viatu vina unga. Alifuta viganja kwenye suruali, akavuka chumba, akakichukua kioo kilichovunjika, akakigeuza mgongo wake kwenye mwanga wa taa. Alikikodolea macho.

"Nianzie wapi?" aliuliza.

"Hapo juu. Kushoto."

"B," alisema baba.

Binti aliweka kidole kwenye karatasi ya kioo kipya. "B."

"Moja."

"Moja."

Walikwenda hivyo mpaka mwisho. Vililingana; kilikuwa kioo chenyewe. Masikio yalikaa juu ya vigingi, skrubu zikaingia kwa mpangilio wake, plagi ikaingia moja kwa moja bila mlio. Alirudisha betri, akawasha, na wanawake wenye sare wakatokea wamejipanga mbele ya ukuta, wanacheka, na safari hii hawakuhitaji tochi. Akabandua nailoni mwisho.

Siku hizi chumba cha mbele hufunguliwa Jumamosi. Babu Skrubu huja kufanya kazi kubwa, na binti hufanya ndogo. Kioo kikifika, baba huamshwa. Husoma polepole, kidole juu ya kila herufi, na mpaka leo herufi O na sifuri zinamchanganya, kwa hiyo wakifika hapo huanza upya.